Nimeapa Ng'ombe Tisa ni wa Marehemu, na Si Tisa

Mshauri wangu,

Nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata kama barua ni ndefu, maana sina mwingine wa kumwambia na Jumatano ya tarehe kumi na tisa natakiwa kusimama mbele ya hakimu. Ukurasa wako nausoma kila wiki, jirani yangu anauza nyama na hufungia kwa magazeti, lakini ukurasa wako huniwekea pembeni, wakati mwingine una damu kidogo lakini unasomeka. Majina nimeyabadilisha, na kijiji naomba usikitaje.

Mimi ni mjane. Mume wangu, nimwite Ookeditse, alifariki mwaka jana mwezi wa nne kwa kifua alichorudi nacho kutoka machimboni ng'ambo ya mpaka. Kitu kingine alichorudi nacho ni akiba ya kununua mitamba wawili, na kwa kuwa sisi hatukuwa na boma la ng'ombe wala kisima, aliwapeleka kwa rafiki yake Lebotse wakae kwa mafisa kama baba zetu walivyofanya, Lebotse awachunge, maziwa anywe yeye na watoto wake, akitaka kulima alime nao, lakini ng'ombe na ndama wabaki wa Ookeditse, na miaka ikipita mchungaji apewe mtamba mmoja wa shukrani. Hatukuandikiana karatasi. Wewe ni wa hapa hapa, unajua kwamba kumwambia mtu unayempa mafisa atie sahihi ni kumwita mwizi kabla hajaiba.

Mtamba mmoja tulimwita Tshumu kwa sababu ya paji lake jeupe. Ookeditse kila akienda kumtazama alibeba chumvi ya mawe kwenye mfuko wa koti, na koti hilo ninalo mpaka leo, nikitia mkono mfukoni chembe zinanasa kwenye kucha. Yule mwingine aliumwa na nyoka mwaka wa tatu akafa, na Lebotse akaleta ngozi yake hapa nyumbani, kilomita thelathini juu ya punda, akaitandaza uani mbele ya majirani akasema, "Shemeji, mwenzake Tshumu hatunaye tena, lakini sikumla, huyu hapa." Ookeditse alicheka mpaka akakohoa, akamjibu, "Ungemla ungenenepa kidogo, tungekuona ukigeuka upande." Ngozi hiyo ndiyo ninayokalia nikichambua maharage.

Kosa letu lilikuja baadaye. Bwana mifugo alipopita kuvisha ng'ombe wote hereni alitaka kila mmoja awe na chapa iliyoandikishwa serikalini, na Ookeditse hakuwahi kuandikisha chapa kwa sababu wake walikuwa wawili watatu tu, tena siku hizo alikuwa amelazwa. Mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni akamwambia Lebotse, "Wapige tu chapa yako, wao wenyewe wananijua." Basi wakapigwa chapa ya Lebotse, na jina lililo kwenye kompyuta ya serikali ni la Lebotse.

Leo Tshumu na uzao wake ni wanne. Wa Lebotse mwenyewe ni saba. Wote kumi na mmoja dalali wa mahakama aliwakamata mwezi uliopita akawafungia kwenye zizi la mnada, kwa sababu Lebotse ana madeni. Ule ukame wa miaka miwili ulimmaliza. Alichukua chakula cha mifugo kwa mkopo dukani, halafu akakopa kwa mkopeshaji wa mjini, yule anayebaki na kadi yako ya benki, ili alipe duka, halafu akakopa kwenye chama chetu cha kuzikana ili amlipe mkopeshaji, na hakuna aliyemaliza kumlipa. Wote watatu wameshinda kesi. Dalali anasema ng'ombe watauzwa na fedha zitagawanywa, kila mdai kwa kadiri ya deni lake, lakini wadai wenyewe wameshaanza kuvutana, mwenye duka anasema alitangulia kufungua kesi alipwe kwanza, mkopeshaji anasema deni lake ndilo kubwa, na akina mama wa chama wanasema fedha zao ni za maiti na maiti hangoji.

Sasa Lebotse alikuja kwangu. Alivua kofia akakaa kwenye kigoda cha Ookeditse, sikumkataza.

"Shemeji," akaniambia, "mahakamani nenda ukaseme ng'ombe tisa ni wa marehemu."

"Tisa? Si wanne, baba Boineelo?"

"Najua ni wanne, mimi ndiye niliyewazalisha. Wewe sema tisa, mimi nitasimama niseme ni kweli, nilikuwa nawachunga tu. Wale watatu wanaonidai wagawane hao wawili watakaobaki, wakitaka wagawane na mikia. Wanne utachukua wako, watano utanirudishia kimya kimya mnada ukipita."

"Na nikisema wanne?"

Aliizungusha kofia mkononi. "Basi nitasema sijui mafisa yoyote. Chapa ni yangu, hereni ni zangu. Tukose wote."

Nikamwambia hiyo ni dhambi, na yeye ni mtu wa kanisa.

"Shemeji, nikuulize. Ule ukame, hao wanne wako walikula nini? Majani uliyaona? Walikula deni langu, gunia kwa gunia. Nilikuja hapa kuomba mchango? Sikuja. Ningemwombaje mtu anayepumua kwa mashine?"

Hilo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba huyu mtu alilala kwenye benchi la hospitali siku tisa, na siku ya kuzika vijana walipotaka kumpokea koleo alikataa, akachimba mpaka mwisho akiwa amevaa suti yake ya pekee. Tena Ookeditse wiki yake ya mwisho aliniambia, "Yule mtamba mwekundu wa Tshumu mpe Lebotse, ni wake," na mimi nikajiambia nitampa nikishatoka kwenye msiba, na mpaka wanakamatwa sikuwa nimempa.

Mshauri, Alhamisi nilikwenda mahakamani. Karani aliniuliza ng'ombe wangapi, na njia nzima nilikuwa nimejiambia nitasema wanne, lakini alipoinua kalamu niliona kwamba nikisema wanne nitarudi nyumbani bila hata mmoja, na sina kitu kingine, kazi ya kufua nimeacha kwa ajili ya mgongo, na kaburi la Ookeditse ni udongo mtupu, halina hata kile kivuli cha mabomba na neti ambacho makaburi yote ya jirani yanacho, jua linampiga. Nikasema tisa. Nikaapa, nikatia sahihi, na karani akasifu mwandiko wangu.

Jumamosi ilikuwa zamu ya chama kukutana kwa mwenyekiti wetu, nimwite Mama Pono. Tulikaa uani, mama yake mgonjwa amelala ndani, tukawa tunamsikia akigeuka kitandani. Mama Pono akasema, "Jamani, kuna mjane kaibuka. Dalali kanidokeza. Anadai tisa kati ya kumi na mmoja, eti mafisa."

"Tisa!" akadakia mmoja. "Huyo marehemu alikuwa mtu kama sisi au alikuwa chifu?"

"Basi Lebotse miaka yote hii alikuwa anafuga chapa tu," mwingine akasema, na wote wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

"Ni nani huyo?"

"Dalali hasemi. Anasema tutamwona siku ya kesi."

Mama Pono hakucheka. Alisema, "Wakibaki wawili, duka na mkopeshaji wakishakata mapande yao, sisi tutagawana kwato. Sanduku la chama ni tupu, mnajua. Na mama yangu huyo hapo ndani, mwezi huu hatumalizi naye. Nikimzika ndani ya blanketi bila jeneza, huyo mjane nitamtumia mtu amwite, aje akae mbele kabisa, aone." Halafu akanigeukia akaniambia kwa upole, "Mwenzangu, mbona chai yako inapoa?"

Chama hiki ndicho kilichonunua jeneza la mume wangu. Mama Pono alilala kwangu wiki nzima, alikuwa akinipikia uji wa mtama na kuniwekea kijiko mkononi maana nilikuwa nakisahau. Nikanywa chai yangu.

Sasa nifanye nini? Nikirudi nyuma nitaonekana niliapa uongo, naogopa kufungwa, na Lebotse atanikana nikose hata Tshumu. Nikisonga mbele nitapata wanne wangu na nitamwokoa mtu aliyemchimbia mume wangu kaburi, lakini nitakuwa nimewaibia waliomnunulia jeneza. Tangu Jumamosi sili. Naomba unijibu kabla ya Jumatano, hata kwa ukali.

Mjane, jina ninalo

*

Mama,

Pole kwa msiba. Barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zilizotangulia, na waliotangulia watanisamehe, kwa sababu wao hawana tarehe ya mahakama.

Umeomba ukali, nitaanza nao. Lebotse hakukushika mkono pale kwa karani. Alikuja na maneno, akaondoka, wewe ukapanda gari, ukashuka, ukapanga foleni, na kwenye foleni yote hiyo ulikuwa na nafasi ya kusema wanne. Umeapa uongo. Usiite jina jingine. Na uongo wenyewe haukumnyang'anya Lebotse wala mkopeshaji, mkopeshaji hatalala njaa. Umemnyang'anya mwanamke aliyekuwekea kijiko mkononi. Hilo unalijua, ndiyo maana chai ilikupoa mkononi.

Sasa nikuambie usilolijua. Unafikiri ushahidi wako wote uko mdomoni mwa Lebotse. Si kweli, na hata ungekuwa huko haufai kitu. Hakimu atauliza: huyu mdaiwa mwenye chapa yake na hereni zake, mbona ana haraka hivi ya kusema ng'ombe si wake? Wadai watatu watakuwa wamekaa hapo wakimtazama meno. Ng'ombe tisa kwa mdomo wa mtu mmoja anayekimbia madeni watakataliwa wote, na wa kwako wakiwemo.

Wewe una ngozi. Umeniandikia habari zake kama kumbukumbu ya kuchekea, na mimi nilipofika hapo niliweka miwani mezani. Mama, mtu hasafirishi ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe kilomita thelathini kwenda kuitandaza uani kwa mtu mwingine. Anayefanya hivyo ni mmoja tu, mchunga mafisa ambaye mnyama amemfia mikononi na anataka mwenye mali aone kwamba hakumla. Kila mzee wa nchi hii anajua hivyo na hakimu naye alizaliwa na mtu. Inyanyue, ikung'ute maharage, uende nayo mahakamani. Uende na majirani waliokuwepo siku ile. Kama huyo muuza nyama wako alikuwepo, afunge bucha siku moja. Mtafute na yule bwana mifugo, umuulize kama anakumbuka ng'ombe wa mgonjwa aliyekuwa hospitali. Sijui kama vitatosha. Nakuambia tu kwamba ni vya kweli, na vya kweli havihitaji Lebotse akubali.

Lakini usiende na wanne. Hesabu yako ya wanne nayo si safi. Yule mtamba mwekundu marehemu alimtoa kwa kinywa chake akiwa na akili zake, ni ujira wa miaka yote ile ya kuchunga, na wewe ulimkalia. Huyo ni wa Lebotse, kwa hiyo leo wenye haki naye ni wanaomdai Lebotse. Wako ni watatu. Waliobaki wanane wauzwe, wadai wagawane kwa kadiri ya madeni yao kama dalali alivyosema, na hao wa kusema mimi nilitangulia, mimi nadai kubwa, waambiane mbele ya hakimu, si kazi yako. Na magunia ya ukame? Hapo Lebotse amesema kweli na nimemheshimu kwa hilo. Ukishapata wako, kaa naye mhesabu walivyokula watatu hao, umlipe kidogo kidogo. Mkononi mwake, mchana, watu wakiona.

Unaogopa kufungwa. Siwezi kukuahidi hutaulizwa. Lakini mtu anayerudi mwenyewe kabla ya kesi kusema nilikosea si sawa na mtu anayekamatwa katikati ya kesi. Siku ya Jumatatu mlango ukifunguliwa uwe pale. Ulizia ofisi ya msaada wa sheria, zipo kwa watu wasio na fedha za wakili, mwambie ofisa yote kama ulivyoniandikia mimi. Hati ya tisa iondolewe, uape upya watatu. Ukinyimwa hata hao watatu kwa sababu ya chapa, usirudi nyumbani ukajifunika. Mwambie ofisa aandike kwamba Lebotse basi anadaiwa na wewe thamani ya ng'ombe watatu, akuongoze namna ya kuingia kwenye orodha pamoja na wadai wengine. Hutapata wote. Hata Mama Pono hatapata zote. Mali ya mtu aliyeanguka haitoshi kwa mtu yeyote, ndiyo maana watu hugawana.

Lebotse naye mwambie mwenyewe kabla hujaenda, asisikie kwa dalali. Usimtukane na usimwombe ruhusa. Mwambie mtamba wake umemwachia na hati ya tisa unaiondoa. Atakasirika, pengine kwa muda mrefu. Alichimba kaburi, hilo hakuna atakayelifuta, lakini kaburi hilo hakulichimba kwa mkopo, asikudai nalo.

Na kivuli cha kaburini kisubiri. Marehemu alifanya kazi chini ya ardhi miaka mingi, hakuwa mtu wa kuogopa jua. Ndama wa kwanza akizaliwa, Mungu akipenda, utampeleka mnadani ukiwa huna wa kumficha.

Limebaki moja na ndilo zito, ndiyo maana nimeliweka hapa. Jumapili, baada ya kanisa, nenda kwa Mama Pono. Usingoje akuone mahakamani, hilo halisameheki. Mkute peke yake kama unaweza, na kama mama yake yuko macho, msalimie kwanza. Halafu ukae chini. Usianze na kifua cha marehemu, wala mgongo wako, wala siku ambazo hujala. Mwambie, "Yule mjane wa ng'ombe tisa ni mimi." Kisha unyamaze, umwache aseme yote atakayoyasema, na usiinuke mpaka amalize.